Soketi kwanza, bei baadaye: jinsi familia moja ya Syokimau ilivyochagua kati ya gari la umeme na haibridi ya kuchaji

Familia inayozungumziwa hapa ina watu watano: baba na mama ambao kila asubuhi huelekea kazini Upper Hill na Westlands, watoto wawili wa shule ya msingi, na mdogo wake mama anayeishi nao. Wamepanga nyumba katika ghorofa ya tatu, Syokimau, kaunti ya Machakos, na mara tatu kwa mwaka husafiri hadi Kilifi kumwona nyanya ya watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2025 waliamua kuuza gari lao la petroli na kununua SUV ya ukubwa wa wastani. Walitaka gari ambalo halitawafanya wasubiri kwa wasiwasi tarehe 14 ya kila mwezi, siku ambayo EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei mpya za mafuta.

Baada ya kuzunguka kwa mawakala walibaki na magari mawili. La kwanza ni Kia e-Niro ya mwaka 2020 kutoka Uingereza, gari la umeme mtupu lenye betri ya yuniti 64. (Yuniti ninayoitaja hapa ni ile ile inayohesabiwa kwenye tokeni ya Kenya Power, yaani kilowati-saa moja.) La pili ni Mitsubishi Outlander PHEV ya mwaka 2019 kutoka Japani, haibridi ya kuchaji yenye injini ya petroli ya lita 2.4 na betri ya yuniti 13.8. Yote mawili yana usukani wa kulia na yote yako ndani ya kikomo cha miaka minane ambacho KEBS, shirika la viwango, hukitumia kwa magari yaliyotumika, kwa hiyo sheria haikumtenga mshindani yeyote.

Nilipoletewa kisa hiki ili niwashauri, baba alikuwa na jedwali refu la bei za petroli. Alianza na Oktoba 2023, lita ya petroli ya super ilipofika shilingi 217.36 Nairobi, akashuka nazo hadi 180.66 za Novemba 2024, kisha akaendelea hadi katikati ya 2025. Hoja yake ilikuwa kwamba petroli haitabiriki, hivyo gari lisilo na tangi la mafuta ndilo salama. Mama naye alitetea Outlander kwa sababu moja, barabara ya kwenda Mombasa wanayoipita kufika Kilifi. Kila mmoja alikuwa na hoja yenye uzito, lakini hakuna aliyekuwa ameuliza gari litalala wapi.

Swali hilo ndilo linaloamua mengine yote. Haibridi ya kuchaji isiyochajiwa ni gari la petroli lililobebeshwa betri nzito. Outlander ikiachwa itegemee injini hunywa takriban lita 8.5 kwa kilomita 100, ilhali ikichajiwa kila usiku inaweza kumaliza siku nyingi za kazi karibu bila kugusa tangi. Gari la umeme nalo, likikosa pa kuchaji nyumbani, humlazimu mwenyewe kuegesha kwenye vituo vya maduka makubwa na kulipa bei ya kituo kila wiki. Ukiwa mpangaji asiye na soketi kwenye maegesho, hesabu zote zinazofuata hazikuhusu, na ushauri wangu kwa mtu wa namna hiyo ni anunue haibridi ya kawaida isiyohitaji waya, asilipie betri kubwa ambayo hataitumia.

Mama alipomuuliza keateka, msimamizi wa jengo, kuhusu soketi, jibu lilikuwa la kukatisha tamaa: "Mama, hapa chini stima ni ya taa za usalama na pampu ya maji peke yake. Ukichomeka gari, mwenye nyumba ataniuliza mimi." Keateka alikuwa sahihi, kwa kuwa umeme wa maeneo ya pamoja hulipwa na jengo zima. Hata hivyo, bodi ya mita katika jengo hilo, kama katika majengo mengi ya kupangisha Nairobi na viunga vyake, iko chini, karibu na ngazi, na mita ya familia hii ya ghorofa ya tatu ilikuwa hapo hatua chache kutoka kwenye nafasi yao ya kuegesha. Fundi mwenye leseni ya EPRA aliweza kuvuta waya mnene kutoka kwenye mita yao wenyewe, akaweka swichi yake ya usalama, kinga ya mtu kupigwa na umeme, na soketi ya nje yenye kifuniko cha kufungwa kwa kufuli. Mwenye nyumba alikubali baada ya kuonyeshwa kwamba kila yuniti ingetoka kwenye tokeni za mpangaji. Niliwasihi wapate ruhusa hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa shilingi hata moja ya gari, maana neno la mdomo la mwenye nyumba hudumu mpaka jengo litakapouzwa.

Soketi ya kawaida ikivutwa kwa uangalifu, kwa ampea 10, hutoa takriban kilowati 2.3. Kwa saa nane za usiku hizo ni yuniti 18, ambazo baada ya hasara ya kuchaji zinaipa e-Niro zaidi ya kilomita 100 za mjini. Mwendo wao wa siku, kazini na shuleni kwenda na kurudi, ni takriban kilomita 46. Hawakuhitaji chaja ya ukutani ya kilowati 7 ambayo wakala mmoja alikuwa akiisisitiza. Mzigo wa namna hiyo kwenye laini ya nyumba ya kupanga ungezua maswali mengine. Kuijaza e-Niro kutoka sufuri kwa soketi hiyo kungechukua zaidi ya saa 28, lakini hakuna anayeijaza kutoka sufuri kila siku. Outlander hujaa kwa saa kama sita.

Upo mtego mdogo wa Outlander ya Japani ambao madalali hawautaji. Waya wa kuchajia unaokuja na gari umetengenezwa kwa umeme wa Japani, wa volti 100 au 200, na soketi ya ndani ya gari, ile inayosifiwa kwamba inaweza kuendesha vyombo vya nyumbani umeme ukipotea, hutoa volti 100. Nyumba zetu zina volti 240. Waya wa kuchajia ununuliwe upya, unaostahimili volti zetu na wenye kichwa kinachoingia kwenye tundu la gari la Kijapani, na ndoto ya kuwasha friji kwa gari wakati wa giza iwekwe kando mpaka mtu anunue transfoma. Kwa chaja za kasi, gari la Japani hutumia tundu la CHAdeMO, ilhali e-Niro ya Uingereza hutumia la CCS.

Baada ya soketi kupatikana ndipo hesabu za mwendo zikawa na maana. Tulikadiria kilomita 14,500 kwa mwaka za mjini na wikendi, na kilomita 3,300 za safari tatu za Kilifi, jumla 17,800. Petroli tuliiweka kwa shilingi 185 kwa lita na umeme wa nyumbani kwa shilingi 30 kwa yuniti pamoja na tozo na VAT. Kiwango hiki cha umeme nilikiweka juu kwa makusudi, kwa sababu nyumba inayotumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi huwekwa katika kundi la bei ya juu zaidi ya umeme wa majumbani, na gari lolote kati ya haya mawili lingeongeza yuniti zaidi ya 200 kwa mwezi. Familia iliyokuwa ikilipia umeme wa taa, televisheni na friji kwa bei ya kundi la kati ingejikuta inalipa zaidi hata kwa zile yuniti za zamani.

Outlander ikichajiwa kila usiku, nilikadiria kwamba asilimia 80 ya kilomita za mjini zingekuwa za umeme. Mtengenezaji alitaja kilomita 65 kwa kipimo cha Japani, lakini gari la miaka sita kwenye foleni ya Mombasa Road, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, litatoa 35 hadi 40. Umeme wake ungegharimu takriban shilingi 80,000 kwa mwaka, na petroli, lita kama 498 pamoja na safari za pwani, shilingi 92,000. Jumla ni 172,000. e-Niro ingetumia shilingi 76,500 mjini, na takriban 25,000 kwenye safari ndefu kwa kuchanganya umeme wa nyumbani na wa vituo vya njiani, jumla kama 102,000. Kwa kulinganisha, SUV ya petroli ya ukubwa huo inayokunywa lita 10 kwa kilomita 100 ingekula shilingi 329,000, na Outlander isiyochajiwa kamwe ingekula 280,000.

Tazama namba hizo kwa utulivu. Kutoka petroli hadi haibridi inayochajiwa kwa nidhamu, familia inaokoa zaidi ya shilingi 150,000 kwa mwaka. Kutoka haibridi hiyo hadi umeme mtupu inaongeza 70,000 tu, na ukijumlisha oili, filta na huduma nyingine za injini ambazo gari la umeme halina, labda 90,000. Sehemu kubwa ya faida inapatikana katika hatua ya kwanza. Kwa mtazamo wangu, hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa pande zote mbili wana sababu ya kulinyamazia: wa umeme hulinganisha gari lao na la petroli badala ya kulilinganisha na haibridi, na wa haibridi hawakuulizi kama una pa kuchaji.

Sasa turudi kwenye jedwali la baba. Ikiwa petroli ingerudi kwenye kilele chake cha 2023, Outlander ingewaongezea gharama ya takriban shilingi 16,000 kwa mwaka, kwa lita zile 498. Ni fedha, lakini si fedha za kubadilisha uamuzi wa gari. Linganisha na mabadiliko ya thamani ya shilingi. Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa imekaribia shilingi 160. Baada ya Kenya kupata fedha za kulipa Eurobond, deni la serikali katika soko la kimataifa, iliyokuwa ikiiva mwaka huo, shilingi iliimarika na kukaa karibu na 130. Gari la dola 12,000 lililokuwa shilingi 1,920,000 kabla ya kodi likawa 1,560,000. Tofauti hiyo ya 360,000 ni sawa na miaka zaidi ya ishirini ya ile nyongeza ya petroli iliyokuwa ikimkosesha baba usingizi. Mtu anayesubiri bei ya mafuta ishuke ili aamue gari la kuagiza anaangalia upande usiofaa.

Kodi nazo zina uzito wa namna hiyo hiyo. KRA, mamlaka ya mapato, haitozi kodi kwa bei uliyolipa mnadani. Huanza na orodha yake ya bei za rejareja, CRSP, ikapunguza kulingana na umri wa gari na kuondoa kodi zilizomo ndani ya bei hiyo, na hapo ndipo hupata thamani ya forodha. Orodha mpya ilitangazwa kuanza kutumika Julai 2025, na waagizaji wengi waliharakisha magari yao kabla ya tarehe hiyo. Juu ya thamani ya forodha huja ushuru wa forodha, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya jumla yote. Gari la umeme mtupu hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kiwango kilichoshushwa kutoka 20 mwaka 2019. Outlander, kwa kuwa ina injini inayozidi cc 1,500, hutozwa asilimia 25, na ile plagi yake haiipunguzii chochote. Hata tukidhani ushuru wa forodha ni asilimia 35 kwa magari yote mawili, tofauti hiyo ya ushuru wa bidhaa pamoja na VAT inayoufuata ni shilingi 234,900 kwa kila milioni moja ya thamani ya forodha. Kwa maneno mengine, serikali imeshalipunguzia gari la umeme sehemu nzuri ya bei yake ya juu, na sheria ya fedha ya mwaka wowote inaweza kuiondoa nafuu hiyo.

Hivyo haikushangaza kwamba bei walizoletewa hazikutulia. Mwanzoni mwa mwaka tofauti kati ya magari hayo mawili, yakiwa yamefika Nairobi na namba za usajili mkononi, ilikuwa shilingi 650,000, e-Niro ikiwa ghali zaidi. Walipoomba tena katika nusu ya pili ya mwaka tofauti ilikuwa 290,000. Kwa upande mmoja, magari ya umeme yaliyotumika yamekuwa yakipoteza bei Uingereza tangu watengenezaji walipoanza kupunguza bei za magari mapya, Tesla ikitangulia Januari 2023. Kwa upande mwingine Outlander nzuri za Japani zina wateja wengi, na bei yake haikushuka.

Ili wasiyumbishwe na kila bei mpya, niliwaomba waweke kikomo chao kabla ya kumpigia wakala simu tena. Walikusudia kulitumia gari miaka mitano. Kwa nafuu ya shilingi 90,000 kwa mwaka, e-Niro ilistahili kuzidi kwa 450,000 bila hasara. Hapo nikapunguza 100,000 kwa sababu soko la magari ya umeme yaliyotumika bado ni changa hapa kwetu, na mnunuzi wa mwaka 2030 huenda akataka bei ya kutupa. Kikomo kikawa 350,000. Kwa tofauti ya kwanza Outlander ilishinda bila ubishi. Kwa ya pili e-Niro iliingia ndani ya kikomo, ingawa si kwa nafasi kubwa.

Hoja ya mama kuhusu pwani ilibaki, na haikuwa ya kupuuzwa. Syokimau iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,600. Gari lenye abiria na mizigo, la uzito wa kilo 2,150 hivi, linapotoka usawa wa bahari hadi huko hutumia zaidi ya yuniti 9 kwa kupanda peke yake, kabla ya hasara za mota na kabla ya kuhesabu upepo na tairi. Kwenda Mombasa e-Niro ingefaidika na mteremko. Kurudi ingehitaji yuniti kama 90 kwa safari nzima, na betri ina 64. Lazima ichajiwe njiani vya kutosha, si kwa dakika kumi za chai Mtito Andei, na ikiwa chaja imeharibika au kuna foleni Desemba, watoto watakesha barabarani. Outlander ingejaza lita 45 na kuendelea. Zaidi ya hayo, tumbo la e-Niro liko takriban milimita 155 kutoka ardhini, la Outlander 190, na kipande cha mwisho cha kwenda kwa nyanya ni cha murram iliyochimbwa na mvua. Kwa safari hiyo, ikitazamwa peke yake, haibridi ni gari bora, tena kwa mbali.

Lakini stesheni kuu ya treni ya SGR ya Nairobi iko Syokimau, dakika chache kutoka kwao. Nauli ya daraja la kawaida hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na watoto wao hulipa nusu. Watu wazima watatu na watoto wawili ni 6,000 kwenda, 12,000 kwenda na kurudi. Petroli ya Outlander kwa safari hiyo hiyo ingekuwa takriban 17,000. Kutoka stesheni ya Miritini hadi Kilifi kuna gari la kukodi au matatu, ambalo linarudisha gharama pale pale, na usumbufu wa mizigo upo. Nazi na maembe ya nyanya hayapandi treni kirahisi kama yanavyopanda buti. Hata hivyo, safari tatu za mwaka zilikoma kuwa sababu ya kuchagua gari la siku nyingine zote. Ni haki kusema pia kwamba treni inapunguza faida ya e-Niro: kilomita za pwani zikiondolewa kwa magari yote mawili, nafuu yake ya mwaka inashuka kutoka 90,000 hadi kama 64,000. Kwa miaka mitano hizo ni 320,000, na ukiondoa ile tahadhari ya kuuza, kikomo kinashuka hadi 220,000. Kwa kipimo hicho kikali, tofauti ya 290,000 ilikuwa imezidi kwa 70,000.

Hapa ndipo betri ilipoamua. Betri ndogo hufanya kazi ngumu kuliko kubwa. Outlander inayochajiwa kila usiku humaliza karibu mizunguko mizima 200 ya kujaa na kuisha kwa mwaka, ikiwa tayari imefanya hivyo Japani kwa miaka sita. E-Niro, kwa mwendo ule ule na betri yake ya yuniti 64 inayopozwa kwa maji, ingefanya kama mizunguko 45. Kila kilomita ya umeme ambayo betri ya Outlander ingepoteza kwa uchovu ingerudi kuwa kilomita ya petroli, na asilimia 80 yangu ingekuwa 65 au 60 kabla ya miaka mitano kwisha. Karatasi ya mnada wa Japani hueleza mikwaruzo ya bampa kwa makini ya ajabu, lakini kwa kawaida haisemi lolote kuhusu afya ya betri. Wakala wa Uingereza alikubali kutuma picha ya kipimo cha betri kilichosomwa kwa kifaa cha uchunguzi, kikionyesha namba ya fremu ya gari lenyewe. Wa Japani alisema hawezi kumwomba muuzaji jambo hilo.

Kwa hiyo niliwashauri wachukue e-Niro, nikiwaambia wazi kwamba ni uamuzi wa wembamba wa uzi na kwamba, kama tofauti ingebaki 650,000, ningewapa Outlander bila kusita. Mama alikubali kwa sharti lake: Desemba wanapanda treni, na Pasaka wanajaribu barabara mara moja, wakiwa wametafuta chaja za njiani na kupiga simu kuhakikisha zinafanya kazi siku iliyotangulia. Malipo ya awali yalitumwa baada ya mambo matatu kuwa mezani: barua ya mwenye nyumba, picha ya kipimo cha betri, na hesabu ya kodi iliyopigwa kwa CRSP inayotumika siku gari litakapofika Mombasa badala ya ile ya siku ya kuagiza.